Ukuta Ulionyooka Wenyewe

"Jana ukuta huu ulikuwa na tumbo," Mwalimu alisema. "Leo tumbo limekwenda wapi?"

Fundi hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya darasa jipya, anakunja uzi wa kujengea taratibu, kama mtu ambaye sikio la upande ule halifanyi kazi vizuri.

"Nakuuliza wewe, Timazi."

"Saruji hiyo. Ikikauka inajivuta. Ukuta unajinyoosha wenyewe."

"Wenyewe."

"Wenyewe kabisa."

Mwalimu akamtazama kisogo. Alikuwa anafundisha sayansi, darasa la sita, na katika vitabu vyote alivyosoma tangu utotoni hakuwahi kukutana na saruji yenye tabia hiyo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwanini, zamani nyuma ya mgongo wake na siku hizi hata mbele yake, na jina lilikuwa halali yake. Ukimwambia mvua inakuja atakuuliza umejuaje. Fundi naye aliitwa Timazi, kwa jina la kile kipande cha chuma ambacho mafundi hukining'iniza kwenye uzi ili kujua kama ukuta umesimama wima. Hajawahi kujenga ukuta ukapinda. Hayo yalikuwa yanajulikana mji mzima, na kusema kweli ndiyo yaliyomvuta Mwalimu kwake mwaka mmoja uliopita, siku ya kwanza aliyohamia shule hii akamkuta mwanaume amesimama dakika ishirini mbele ya ukuta mmoja, anauangalia tu.

Sasa mambo yalikuwa yameiva. Jumamosi ya wiki hii, saa kumi alasiri, Timazi alikuwa aende nyumbani kwa kina Mwalimu kujitambulisha, akiongozana na baba yake mdogo aliyemlea tangu akiwa mdogo. Baba mdogo huyo ndiye mchungaji wa kanisa lenye shule hiyo. Mama yake Mwalimu alikuwa ameshafua vitambaa vya makochi mara mbili.

Ila kwanza kulikuwa na wageni.

Walikuwa watu kumi na wawili kutoka ng'ambo, waumini wa kanisa moja, waliokuja kwa wiki mbili kujenga darasa kwa mikono yao wenyewe. Watu wazuri mno. Walifika kazini saa tatu wakiwa wamejipaka mafuta meupe ya kuzuia jua, wakaomba, wakaimba, wakashika mwiko kama kijiko cha uji na kupanga matofali hadi saa kumi, halafu gari likawarudisha hosteli. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja mwenye kofia pana, ambaye kwao alikuwa daktari wa meno kwa miaka arobaini. Watu walimwita Mzee Kofia. Mwalimu ndiye aliyekuwa mkalimani wao, kwa kuwa lugha yao aliijua kuliko wote pale, na ilimbidi aondoke nao saa kumi kila siku ili awatafsirie katika kikao chao cha jioni. Hawa walikuwa wageni wa kwanza tangu ahamie. Wenzake walikuwa wameshapokea makundi matatu.

Jibu la Timazi halikumkaa. Mchana ule, wageni walipokuwa wakila, akachukua chaki nyekundu mfukoni na kuchora alama ndogo kwenye tofali la tano kutoka kona, kwenye kozi, yaani mstari wa matofali, ya tatu kutoka juu. Alhamisi asubuhi alikwenda moja kwa moja mahali pale. Alama haikuwepo. Akazunguka ukuta wote akipapasa kwa kidole na kuikuta chini ya dirisha, hatua sita kutoka alikoichora, imegeuzwa kichwa chini.

Tofali lilikuwa limetembea.

Akamuuliza mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema mgongo unamsumbua siku hizi, hawezi kusimama muda mrefu kujadili matofali. Akamuuliza mama mchungaji. Huyo alicheka, akamwambia akanywe chai. Kila aliyemuuliza alikuwa na pa kuwahi.

Kilichomuuma zaidi ni simu. Tangu wageni wafike, Timazi alikuwa hashikiki. Akimpigia jioni, simu inaita mpaka inachoka. Mwanaume aliyekuwa akimpigia kila siku saa kumi na mbili kumuuliza amekula nini, sasa alikuwa kimya hadi asubuhi. Alhamisi hiyo, akiwa kwenye kikao cha wageni na simu chini ya meza, aliandika:

"Umepotea. Uko wapi?"

Jibu lilikuja baada ya nusu saa: "Kazini."

"Kazi imeisha saa kumi. Nimeona kwa macho yangu."

"Kuna kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Mengine usiulize, Mwalimu wangu. Tuonane Jumamosi kwenu."

Aliusoma ujumbe huo mara tano. Kumwambia Mwalimu Kwanini asiulize ni sawa na kumwambia ng'ombe asicheue. Lakini safari hii hakuona la kuchekesha. Alijua wanawake wangapi wameanza kulia kwa maneno hayohayo: kuna kazi nyingine.

*

Jumamosi wageni walifanya kazi nusu siku, kisha wakapelekwa kutazama maporomoko ya maji. Mwalimu aliomba ruhusa asiende nao. Alifika nyumbani saa nane, akaoga, akavaa gauni la kijani alilokuwa amelificha kabatini miezi miwili akiisubiria siku hii. Mjomba wake, ambaye ndiye angezungumza kwa niaba ya familia, alikuwa ameshafika na koti lake, amekaa wima kwenye kochi kama aliyekuja kupigwa picha.

Saa kumi ikafika. Ikapita. Chai ikachemshwa, ikapoa, ikachemshwa tena.

Saa kumi na nusu mjomba aliuliza kama watu hao wanaijua nyumba. Mama akasema wanaijua. Saa kumi na dakika hamsini simu ya Mwalimu ikatetemeka mkononi.

"Nisamehe sana. Dharura kazini. Baba mdogo naye hawezi. Nitaeleza."

Mama aliuona uso wa mwanaye akajua. Akaanza kukusanya vikombe.

"Mwanangu," mjomba alisema, akifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, "mimi sina haraka ya kuhukumu. Lakini nimesafiri kwa saa tatu. Kamuulize huyo bwana kama bado anataka tumjue au tumsahau. Akikujibu hovyo, mimi naondoka na jambo hili limekwisha. Sitaitwa tena kwenye hili."

"Nitamuuliza, mjomba."

"Muulize leo."

Hakubadilisha gauni. Alitoka vilevile, na njia nzima alikuwa akipanga maneno: moja la kumuumiza, moja la kumaliza. Na katikati ya hasira ile, hata mwenyewe alijishangaa, kulikuwa na kitu kingine kinamwasha. Alitaka kujua. Dharura gani ya kumzuia fundi na mchungaji kwa mpigo, Jumamosi, wageni hawapo?

Aliwasikia kabla hajawaona. Kongo, kongo, kongo, nyundo juu ya tofali. Akapita nyuma ya kanisa, akasimama.

Nusu ya washarika wa kanisa walikuwa pale. Ukuta wote wa upande wa madirisha ambao wageni waliujenga asubuhi ile ulikuwa chini. Wanawake wanne walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakikwangua udongo wa saruji kwenye matofali na kuyapanga upya. Mama mchungaji alikuwa akimimina chai. Mwalimu mkuu, yule wa mgongo, alikuwa anasukuma toroli lililojaa mchanga, tena anakimbia. Mchungaji mwenyewe alikuwa amekunja suruali hadi magotini, shavu moja limevimba kwa jino lililokuwa likimsumbua mwezi mzima, ndoo ya maji mkononi. Na juu ya jukwaa, uzi umenyooshwa mbele yake, Timazi alikuwa anajenga kwa kasi ambayo Mwalimu hakuwahi kumwona nayo mtu yeyote.

Mmoja alimwona, akamgusa mwenzake. Nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine. Toroli likasimama.

"Mgongo unaendeleaje, mwalimu mkuu?" Mwalimu aliuliza.

Mwalimu mkuu akajishika kiuno, lakini alikuwa amechelewa.

Timazi alishuka. Alikuwa mweupe kwa saruji hadi kwenye kope. Alilitazama lile gauni la kijani.

"Mwalimu."

"Ndiyo hii saruji inayojivuta yenyewe?"

"Nilitaka kukueleza."

"Lini? Mjomba wangu amesafiri kwa saa tatu kuja kuangalia kochi. Eleza sasa."

Akaeleza, na maelezo hayakuwa marefu. Wageni hawajui kujenga. Kila siku wakiondoka, wenyeji wanarudi, wanabomoa kabla saruji haijashika, wanajenga upya mpaka giza linapoingia. Ndivyo walivyofanya kwa kundi la kwanza, la pili na la tatu. Kanisa lenyewe lilijengwa hivyo. Leo kazi ilikuwa kubwa kwa sababu Jumatatu asubuhi inamwagwa zege ya lenta, ule mkanda mzito wa kufunga kuta, juu ya ukuta huu, na kesho ni Jumapili, hakuna kazi. Zege ile ingeulalia ukuta uliopinda, na siku moja ungekuja chini.

"Chini yake watakaa wanafunzi wako," alisema. "Darasa la sita. Nilishika simu mara tatu nikupigie. Kila nikiangalia juu naona kona ile."

"Na wote hawa wanajua."

"Wanajua."

"Mimi tu ndiye sijui."

Hapo mchungaji alisogea, mkono shavuni. Akasema lawama ni zake. Yeye ndiye aliyewafunga watu midomo, na yeye ndiye aliyeamua mkalimani asiambiwe, kwa kuwa mkalimani anashinda na wageni kutwa na uso wake hauwezi kuficha kitu. Asiyejua hana cha kuficha.

"Watu hawa wamevuka bahari, binti yangu," alisema. "Umewaona wanavyolia kwa furaha wakiweka tofali? Wewe ungewaambia nini? Kwamba kazi yao ya Mungu inabomolewa kila jioni? Wangeona aibu. Wasingerudi tena."

"Baba mchungaji, kwa hiyo kila siku mimi nasimama kati yenu na kutafsiri uongo."

"Hukujua kuwa ni uongo."

"Sasa najua."

Mwalimu akamgeukia Timazi, na maneno yote aliyoyapanga njiani yakawa hayafai. Hasira ilikuwepo bado, lakini pembeni yake kulikuwa na huruma, tena ya mwanamke anayempenda mwanaume mchafu wa saruji. Alichukia kwamba anampenda wakati ule ule.

"Mjomba amenituma swali. Unataka wakujue au wakusahau?"

"Wanijue. Unajua hivyo."

"Mimi nilijua hivyo hadi saa kumi. Sikiliza, Timazi. Ukuta umefanya vizuri kuubomoa. Lakini mimi umenipa hadithi ya saruji na nikikuuliza tena unaniambia nisiulize. Nitaishije na wewe? Kila kitu kikipinda utakinyoosha nikiwa nimelala, halafu asubuhi unaniambia kimejinyoosha?"

"Nilifungwa mdomo."

"Ufungue. Jumatatu Mzee Kofia atasimama hapa kuusifu ukuta wake, kama kawaida yake. Mimi sitatafsiri tena. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, nami nitampelekea neno kwa neno."

Mchungaji akatikisa kichwa. "Akifanya hivyo," alisema polepole, "asinitegemee kwenda naye nyumbani kwa mtu. Sitamsemea mtu aliyeniaibisha mbele ya wageni wangu."

Timazi akamtazama baba yake mdogo, kisha Mwalimu, kisha ukuta ambao ulikuwa umefika kiunoni tu. Hakuwa na mzazi mwingine wa kumsemea.

"Zege ni Jumatatu," alisema mwishowe. "Niacheni nimalize."

Akapanda juu. Mwalimu akarudi nyumbani, akamwambia mjomba asiondoke kwanza.

"Amejibu nini?"

"Hajajibu, mjomba. Ameomba hadi Jumatatu."

"Na wewe unaonaje?"

"Nami nangoja kuona."

*

Jumapili hawakuzungumza. Walikaa safu mbili tofauti kanisani, na mahubiri yalikuwa mafupi kwa sababu ya jino.

Jumatatu saa tatu wageni walishuka garini wakinukia mafuta. Mzee Kofia alikwenda moja kwa moja ukutani, akaupigapiga kama shavu la mjukuu. Akawaita wenzake, akaanza kusema, na Mwalimu akasimama mahali pake, mikono imeshikana mbele. Mzee alisema alipotoka nyumbani watoto wake walimcheka, eti atajenga nini kwa umri huo. Akasema wangeuona ukuta huu. Kisha akamwomba Mwalimu amshukuru fundi kwa kuwaletea maji na mchanga kwa uvumilivu wiki nzima.

Mwalimu hakufungua mdomo.

Mzee akarudia, akidhani hakusikika. Washarika waliosimama nyuma wakaangalia viatu vyao. Mchungaji alikuwa kando, kitambaa shavuni, macho kwa Timazi.

Timazi akavua kofia yake. Akapiga hatua moja mbele, akasimama pale ambapo kila mtu alimwona.

"Mwambie mzee," alisema, "kwamba ukuta huu si wake."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

Mwalimu akatafsiri. Tabasamu la Mzee Kofia lilibaki usoni kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, halafu likaondoka.

"Anauliza, huu tu?"

"Kuta zote. Tangu siku ya kwanza. Mkiondoka tunabomoa. Mwambie ila kozi mbili za chini, pale mlangoni. Zile walijenga vizuri, sikuzigusa."

Mama mmoja kati ya wageni akakaa juu ya rundo la mchanga na kufunika uso kwa mikono, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka hadi mabega yalipoanza kuruka. Alikuwa anacheka. Lakini Mzee Kofia hakucheka. Alikwenda mlangoni, akainama kwa shida, akaziangalia zile kozi mbili. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Anasema," Mwalimu alitafsiri, "ameng'oa meno miaka arobaini. Mtu akija kliniki kwake kwa wiki mbili anataka kumsaidia kung'oa, hatamruhusu hata kushika taulo. Anauliza, sisi kwa nini tulimruhusu?"

Timazi alifikiri. "Kwa sababu alikuja na furaha. Tukaona haya kumnyang'anya."

"Anasema ungemwambia siku ya kwanza."

"Ni kweli. Mwambie anisamehe. Nilikuwa mwoga."

Maneno hayo ya mwisho Mwalimu aliyatafsiri polepole, kwa sababu alijua aliyeambiwa si mzee peke yake.

"Anauliza basi wafanye nini, siku zilizobaki."

"Maji," Timazi alisema bila kusita. "Kisima kiko mbali, na maji ndiyo yanayotumaliza. Wakibeba maji na matofali, mimi nitajenga mara mbili ya ninavyojenga."

Hapo ndipo Mwalimu Kwanini alishindwa kujizuia. Swali lilikuwa likimkaa kooni wiki nzima, na alimuuliza mzee moja kwa moja, kwa lugha yake, bila kutumwa na mtu: daktari wa meno kwa nini aliletwa kupanga matofali?

Mzee Kofia alimkodolea macho. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Fomu ya safari iliandikwa kujenga, naye akajaza. Kwani hapa kuna shida ya meno?

Mwalimu hakujibu. Alinyoosha tu kidole kwa mchungaji.

*

Zahanati ya mji ilikuwa na vifaa vya kung'olea meno kabatini, safi kabisa. Aliyekuwa akivitumia alihamishwa miaka miwili nyuma. Mganga wa zahanati aliposikia habari ya Mzee Kofia alimpokea kwa mikono miwili, na kuanzia Jumanne watu walipanga foleni hadi barabarani. Mwalimu alishinda pale mchana baada ya vipindi, akitafsiri "fungua" na "temea hapa." Huku nyuma wageni kumi na mmoja walibeba maji wakiimba, wakachoka vizuri, wakalala mapema. Lenta ilikauka. Ukuta haukubomolewa tena.

Mchungaji hakuongea na Timazi wiki ile yote. Alimpita kama nguzo. Jumanne jioni Timazi alimpigia Mwalimu saa kumi na mbili kamili, na kabla hajaulizwa chochote akaeleza yuko wapi, amekula nini, ukuta umefika wapi na kwamba baba mdogo ameukataa mkono wake.

"Unajuta?" Mwalimu aliuliza.

"Nalala vizuri. Ila sina wa kunisemea kwenu. Nimefikiri nije peke yangu."

"Mjomba hatakubali. Lazima aje mtu mzima."

"Najua. Nitamtafuta."

Aliyempata hakutarajiwa na mtu. Mzee Kofia alikuwa ameuliza, katikati ya meno mawili, kwa nini fundi amenyong'onyea, na Mwalimu akamweleza yote kwa aibu. Mzee akavua glavu. Akasema wao ndio waliowaharibia Jumamosi iliyopita, na kama kijana hana wa kumsemea, yeye ana mdomo.

"Lakini hujui hata neno moja la lugha yetu," Mwalimu alisema.

"Wewe unajua," mzee akamjibu.

Na Ijumaa mchungaji mwenyewe akaja kupanga foleni. Jino lilitoka na mizizi mitatu.

*

Jumamosi, saa kumi kasoro dakika kumi, walikuwa wameshagonga. Timazi alikuwa na shati jeupe, kucha zimesuguliwa hadi zimekuwa nyekundu. Nyuma yake Mzee Kofia, kofia mkononi. Na nyuma ya Mzee Kofia, jambo lililomfanya Timazi ageuke mara mbili kuhakikisha, alikuwa mchungaji, pamba imejaa mdomoni. Akainamisha kichwa kumsalimu mama, akaenda kukaa upande wa kijana wake. Hakusema neno. Mpaka leo Mwalimu hajajua kama ni kwa ajili ya pamba au hasira ilikuwa haijaisha, na mchungaji akiulizwa hucheka tu.

Mjomba aliketi wima na koti lake.

"Karibuni. Nani anazungumza kwa niaba ya kijana?"

Mzee Kofia akasimama. Na hapo ndipo ilipowajia mama na mjomba kwa pamoja kwamba mkalimani mjini ni mmoja, naye ndiye mwenye shughuli.

Mama akajifunika mdomo kwa kanga. Mjomba akakuna kidevu, akauliza kama hakuna mwingine. Hakukuwa na mwingine. Basi Mwalimu akatoka alikokuwa ameketi kwa heshima, kichwa kimeinama, akasimama katikati ya sebule kati ya mzee na mjomba, na kuanza kutafsiri posa yake mwenyewe.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Mzee alisema kijana huyu anampenda binti huyu, na Mwalimu ilimbidi aseme, huku akitazama ukuta, "Anasema kijana huyu anampenda binti huyu." Mzee alisema binti ni mwerevu na anauliza sana. Mwalimu akaruka hapo. Mama akamwambia asiruke kitu, wameona mzee amesema maneno mengi zaidi. Ikabidi arudie.

"Muulize," mjomba alisema, "kosa kubwa la kijana wake ni lipi. Sifa tumesikia."

Mzee Kofia alifikiri, akizungusha kofia mikononi. Alipojibu, Mwalimu alitafsiri taratibu.

"Anasema kijana huyu akiona kitu kimepinda anakinyoosha kimyakimya ili mtu asione aibu. Anasema ni wema, lakini mtu anabaki mjinga. Yeye alibaki mjinga siku saba. Anasema Jumatatu alimwona akilikubali kosa hilo mbele ya watu wote, akijua litamgharimu mzazi wake. Anasema wanae wawili wa kiume hawajawahi kufanya hivyo."

Mchungaji aliweka mkono kwenye bega la Timazi. Hakuuondoa.

Mjomba akafungua kifungo kimoja cha koti. Wote wa familia walijua maana yake: alikuwa ameridhika.

"Sisi hatuna kipingamizi," alisema. "Sasa binti mwenyewe anasemaje?"

Mwalimu, kwa mazoea ya wiki mbili, akamgeukia Mzee Kofia na kumtafsiria swali lile: binti mwenyewe anasemaje? Mzee akamwangalia, macho yakicheka. Akamwambia kwa upole kwamba hilo yeye hawezi kulijibu.

Damu ikampanda usoni. Sebule nzima ilimngoja. Akafungua mdomo, akajibu, sentensi ndefu, ya kutoka moyoni, na alipofika mwisho wake ndipo alipotambua kuwa ameisema yote kwa lugha ya wageni. Mzee Kofia alikuwa ameshaweka kofia usoni kuficha machozi. Wengine wote walikuwa wanatazamana.

"Jamani, amesema nini?" Mama aliuliza.

"Amekataa?" mjomba akauliza.

Mchungaji alinyanyua mikono, pamba mdomoni. Mzee hakuwa na lugha ya kuwasaidia. Timazi aliinuka kwenye kochi, amepauka kuliko siku ile ya saruji.

"Mwalimu," alisema. "Umesema nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, yeye ndiye aliyekuwa anauliza, na Mwalimu ndiye mwenye jibu. Alimwacha angoje kidogo. Alitaka ajue inavyokuwa.

"Nimesema nakupenda na nimekubali," alimwambia. "Na nimesema, nikikuuliza kitu, unanijibu siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo," Timazi alisema.

Mama akaachia kanga na kupiga vigelegele, na mjomba akavua koti lote.